Uimara wa Unyayo na Maumivu ya Mguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu wenye maumivu ya kisigino, kifundo au goti, hasa baada ya kuambiwa kwamba nyayo zao hazina nguvu. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Ikiwa una kisukari, au miguu yako ina ganzi, anza kusoma sehemu ya mwisho kabla ya kujaribu zoezi lolote.

## Mambo ya msingi

Unyayo imara ni upi hasa?

Ni unyayo unaoweza kulegea na kukaza, kila jambo kwa wakati wake. Kuanzia kifundo kwenda chini, kila mguu una mifupa 26 na viungo 33. Mifupa hiyo imepangwa kwa matao matatu: moja refu upande wa ndani, moja lililo chini zaidi upande wa nje, na moja linalokatiza unyayo kwa upana. Kisigino kinapogusa chini, tao la ndani hushuka kidogo na unyayo hutanuka ili upokee uzito na kulifuata umbo la ardhi. Muda mfupi baadaye, unapojisukuma kwenda mbele, unyayo huohuo hauna budi kuwa mgumu, la sivyo nguvu ya kigimbi inapotea bila kukusogeza.

Sehemu kubwa ya ugumu huo hutoka kwenye utando mnene unaoanzia kisiginoni na kufika mashinani mwa vidole. Vidole vikikunjwa kwenda juu, utando huvutwa na tao huinuka lenyewe. Mtafiti J. H. Hicks aliueleza utaratibu huu mwaka 1954, na unaweza kuuona sasa hivi: simama, mwombe mtu akuinulie kidole gumba cha mguu, kisha tazama tao la ndani linavyopanda. Misuli midogo iliyo ndani ya unyayo na kano ndefu zinazoshuka kutoka kwenye mguu ndizo zinazoongoza kazi yote.

Kwa hiyo unyayo uliokakamaa usiojongea hauhesabiki kuwa imara. Nalisema mapema kwa sababu wengi huanza mazoezi wakitaka kuukaza unyayo muda wote, na hilo huleta maumivu mapya.

Nitajuaje kama nyayo zangu ni dhaifu?

Vipimo viwili vya nyumbani vinatosha kuanzia. Cha kwanza, simama peku kwa mguu mmoja karibu na ukuta, macho mbele, kwa sekunde 30. Kuyumba kidogo ni kawaida, maana hiyo ni misuli inayorekebisha. Tazama zaidi kama vidole vinang'ang'ania sakafu, kama goti linaangukia ndani, au kama unalazimika kugusa chini kila baada ya sekunde chache.

Cha pili, ukiwa umegusa ukuta kwa ncha za vidole vya mikono, inua kisigino cha mguu mmoja hadi juu kabisa na ukishushe polepole. Hesabu marudio hadi pale unaposhindwa kufika juu. Kipimo cha zamani kwa mtu mzima mwenye afya ni marudio 25, lakini idadi hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo usijilaumu kwa kutofika hapo. Linganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Mguu mmoja ukifanya mara 18 na wa pili ukikwama kwenye 7, umepata pa kuanzia. Ukishindwa kabisa kuinua kisigino hata mara moja, soma swali la tao linaloshuka upande mmoja.

Maumivu ya goti au nyonga yanaweza kutoka unyayoni?

Yanaweza, na yanaweza pia kwenda upande wa pili. Unyayo unapoangukia ndani kwa kasi, muundi huzunguka pamoja nao na goti hufuata. Lakini misuli ya nyonga ikiwa dhaifu, paja huzungukia ndani na unyayo husukumwa kutoka juu. Ndiyo maana mtu anayefanya mazoezi ya unyayo kwa bidii bila kuimarisha makalio na mapaja mara nyingi hupata nusu tu ya faida. Jaribu hivi: simama, kisha kaza makalio kana kwamba unataka kuzungusha mapaja kwenda nje bila kusogeza nyayo. Tao litapanda kidogo. Hiyo ni kazi ya nyonga, ingawa inaonekana chini.

Nina nyayo bapa. Je, ndizo zinazoniletea maumivu?

Si lazima. Watu wengi wana nyayo bapa maisha yao yote, wanakimbia na kubeba mizigo bila shida yoyote. Umbo la unyayo unapokuwa umesimama tu linasema machache kuliko namna unavyofanya kazi unapotembea.

Panda juu ya vidole mbele ya kioo. Tao likijitokeza, una unyayo bapa unaolegea, na huo huitikia mazoezi vizuri. Lisipojitokeza kabisa, au unyayo ukiwa mgumu na wenye maumivu, muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa watoto wadogo ubapa ni hali ya kawaida: tao hujengeka polepole katika miaka 10 ya kwanza. Mtoto anayecheza bila maumivu hahitaji viatu maalumu.

## Mazoezi

Nianze na zoezi gani?

Anza na kusimama vizuri. Weka uzito kwenye sehemu tatu: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo. Sogeza mwili mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, hadi uhisi sehemu zote tatu zikibeba. Watu wengi hugundua hapa kwamba shina la kidole gumba halikuwa linabeba chochote.

Ukishalizoea hilo, vuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Unyayo unakuwa mfupi kidogo na tao linapanda. Shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10. Mwanzoni fanya ukiwa umekaa, kwa sababu ukisimama vidole hukimbilia kujikunja na kuiba kazi. Ukipata mkakamao wa ghafla chini ya unyayo, acha, usugue kwa mkono, kisha endelea kwa nguvu ndogo zaidi. Ni misuli iliyokaa muda mrefu bila kutumika.

Siwezi kuinua kidole gumba peke yake. Nimeharibika?

Hapana. Ubongo umesahau tu kuvitenganisha vidole. Visaidie kwa mkono: shikilia vidole vinne chini, inua kidole gumba, halafu geuza: shikilia kidole gumba chini, inua vile vinne. Dakika mbili kwa siku zinatosha, na kwa kawaida wiki chache huleta tofauti.

Kwa nini kuinua visigino kunasisitizwa kuliko mazoezi mengine yote?

Kwa sababu ndiko kunakofanana zaidi na kazi halisi ya mguu. Ukitembea, mguu mmoja hubeba uzito wote wa mwili na zaidi kidogo. Ukikimbia, nguvu inayopanda kutoka ardhini hufika mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Kuokota vitambaa kwa vidole hakumwandai mtu kwa mzigo wa namna hiyo. Kuinua kisigino kwa mguu mmoja kunamwandaa: vigimbi vinafanya kazi, kano ya kisigino inavutwa, misuli inayoshikilia tao upande wa ndani inakaza, na ile ya upande wa nje inazuia kifundo kisipinduke.

Namna ya kufanya ina uzito kuliko idadi. Panda kwa sekunde 3, tulia juu kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Uzito upite kwenye shina la kidole gumba na cha pili. Ukiegemea kidole kidogo, kifundo kinafunguka nje na unajizoesha njia ileile ya kuteguka. Goti lililonyooka hufanyisha kazi zaidi msuli mkubwa wa juu wa kigimbi, na goti lililokunjwa kidogo huupa kazi zaidi ule wa chini yake, ambao hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa kukimbia. Fanya yote mawili.

Ukiwa dhaifu, anza kwa miguu miwili, kisha panda kwa miwili na kushuka kwa mmoja, kisha mmoja peke yake. Ukiweza seti 3 za marudio 12 bila kutetereka, beba begi lenye uzito mgongoni na upunguze marudio. Hapa ndipo wengi hukwama: hurudia zoezi lilelile jepesi kwa miezi, kisha husema mazoezi hayasaidii. Misuli na kano haziongezeki nguvu bila kuongezewa mzigo.

Nifanye mara ngapi, na nitaona mabadiliko lini?

Mazoezi mepesi ya kudhibiti vidole na kusimama kwa mguu mmoja unaweza kuyafanya kila siku. Ya mzigo mzito yafanywe siku moja na kupumzika siku inayofuata, kwa sababu kano huhitaji muda wa kujijenga.

Wiki 2 hadi 4 za kwanza utayumba kidogo zaidi ya ulivyotarajia, kisha utatulia. Hayo ni mafanikio ya ubongo na mishipa ya fahamu. Misuli yenyewe huongezeka nguvu kwa kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na kano huchukua miezi 3 au zaidi. Ukiacha katika wiki ya tatu kwa kukosa matokeo, umeacha kabla kano hazijapata nafasi.

Je, ni sawa kuhisi maumivu wakati wa mazoezi?

Kiasi kidogo ni sawa. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 3, yanayotulia ndani ya saa 24, hayaonyeshi kwamba unajidhuru. Hukumu yako itoke asubuhi ya kesho yake: ukiamka na maumivu zaidi ya jana, ulizidisha. Punguza mzigo au marudio, usiache kabisa. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine; yapo kwenye swali la mwisho.

Kusimama juu ya mto au ubao unaoyumba kunafaa?

Kunafaa baada ya kumudu sakafu ngumu, na hasa kwa aliyewahi kuteguka. Si mbadala wa kuinua visigino. Njia rahisi zaidi ya kuongeza ugumu ni kusimama kwa mguu mmoja huku ukigeuza kichwa taratibu, kisha ukifumba macho ukiwa karibu na ukuta. Macho yakifumbwa, ngozi ya unyayo na viungo vya kifundo hulazimika kutoa taarifa ambazo kwa kawaida macho huzifunika.

## Kisigino na kifundo

Kisigino kinaniuma nikikanyaga hatua za kwanza asubuhi, kisha kinapungua. Ni nini?

Mara nyingi ni ule utando wa chini ya unyayo, pale unapojishikiza kwenye kisigino. Dalili yake ni hiyohiyo: hatua za kwanza baada ya kulala au kukaa muda mrefu huchoma upande wa chini wa kisigino kuelekea ndani. Kwa wengi huisha ndani ya mwaka mmoja, lakini mwaka ni mrefu mno kwa mtu anayechechemea, na kuna mambo ya kuufupisha.

Kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu mmoja juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea muundi hadi utando ukaze, shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Kisha ongeza nguvu. Nchini Denmark, mtafiti Michael Rathleff na wenzake walilinganisha watu walionyoosha utando tu na watu walioinua visigino kwa mzigo, siku moja mazoezi na siku inayofuata mapumziko, vidole vikiwa vimekunjwa kwenda juu kwa taulo lililoviringishwa na kuwekwa chini yake. Baada ya miezi 3 kundi la kuinua visigino lilikuwa na nafuu zaidi. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Ninavyoyasoma matokeo hayo, mzigo unaharakisha nafuu, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuuchagua. Kasi na hatua za zoezi ni zilezile za swali la kuinua visigino. Nyongeza ni taulo.

Punguza pia kinachochokoza: saa nyingi za kusimama mfululizo, kutembea peku kwenye sakafu ngumu, na ongezeko la ghafla la kukimbia. Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, ila ina hatari ya kukata utando na kupunguza mafuta yanayolinda kisigino. Izungumzie vizuri na daktari kabla ya kuikubali.

Picha ya eksirei imeonyesha mfupa umeota kisiginoni. Utolewe?

Karibu kamwe si lazima. Watu wengi wasio na maumivu wanao mfupa huo bila kujua, na wenye maumivu hupona huku mfupa ukibaki palepale. Tibu utando kama ilivyoelezwa juu.

Nimeteguka leo. Nipumzishe mguu kwa muda gani?

Kwanza hakikisha hakuna mfupa uliovunjika. Nenda ukapigwe picha ikiwa huwezi kutembea hatua 4, au ikiwa ukibonyeza ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa unaochomoza kifundoni, ndani au nje, unapata maumivu makali. Vivyo hivyo kwa mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule ulio juu ya tao la ndani.

Yasipokuwepo hayo, siku 1 hadi 3 za kupunguza mzigo, kuinua mguu na kufunga bandeji zinatosha. Baada ya hapo anza kukijongeza kifundo na kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kukifunga kifundo wiki nyingi kwa mteguko wa kawaida hukiacha kikiwa kigumu na dhaifu.

Kwa nini nateguka kifundo kilekile kila mara?

Kwa sababu maumivu yaliisha kabla ya kazi kuisha. Ligamenti (kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa) za upande wa nje, hasa ile ya mbele, ndizo zinazochanika mara nyingi kifundo kinapopindukia ndani. Pamoja na kushikilia mifupa, zina vihisio vinavyoujulisha ubongo kifundo kiko katika pembe gani. Zikijeruhiwa, taarifa huchelewa na misuli ya upande wa nje hukaza wakati mguu umeshapinduka. Uvimbe hupungua, mtu anarudi uwanjani, na kasoro hiyo inabaki.

Dawa yake ni mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja kwa hatua zilizotajwa katika swali la mto, kuinua visigino, na mwishoni kuruka: kwanza kwa miguu miwili, kisha mmoja, mbele, nyuma na pembeni, ukitua kimya na kutulia sekunde 3. Wanaocheza michezo ya kukata kona wavae kishikizo cha kifundo wakati wa mchezo katika miezi ya mwanzo. Hakidhoofishi misuli ya mtu anayefanya mazoezi. Kifundo kikiendelea kulegea baada ya miezi 3 ya kazi ya kweli, kipimwe upya.

## Viatu na soli

Je, nitembee peku ili nyayo zipate nguvu?

Kutembea peku huwapa misuli midogo kazi, lakini hatari iko kwenye haraka. Mifupa ya unyayo huzoea mzigo mpya polepole kuliko misuli, na waliohamia ghafla kukimbia kwa viatu vyembamba wameishia na mifupa yenye nyufa. Anza na dakika 10 hadi 15 kwa siku mahali salama, ongeza kidogo kila wiki. Mwenye maumivu makali ya kisigino asubiri. Mwenye ganzi asijaribu.

Soli maalumu za kuweka ndani ya kiatu zinasaidia, au zinadhoofisha?

Zinaweza kupunguza maumivu kwa muda, na mtu anayeumwa kidogo hufanya mazoezi zaidi. Zitumie hivyo. Za kawaida za dukani mara nyingi hutosha kwa maumivu ya kisigino, kwa hiyo usiingie gharama ya kutengenezewa kabla hujazijaribu.

Kiatu kizuri kina sifa gani?

Nafasi ya vidole kutanuka, kushika kisigino bila kuteleza, na wewe mwenyewe kujisikia vizuri ukitembea nacho. Simama juu ya karatasi, chora unyayo, weka kiatu juu ya mchoro: kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro, vidole vinabanwa. Kubanwa huko huongeza maumivu ya kidole gumba kilichopinda, na ule muwasho wenye ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne.

## Hali zinazohitaji uangalifu

Nina kisukari. Nifanye mazoezi haya?

Ndiyo, baada ya nyayo kupimwa hisia. Mtaalamu hugusa unyayo kwa uzi maalumu wa nailoni. Usipouhisi, vaa viatu kila wakati, hata ndani, na fanya mazoezi ya kusimama ukiwa umeshika kitu. Kagua nyayo kila siku, ukitumia kioo kwa upande wa chini. Unyayo ukiwa na joto, wekundu na uvimbe bila jeraha, hata kama hauumi, acha kuukanyaga na uende hospitali siku hiyohiyo. Huenda mifupa inavunjika bila wewe kuhisi, na kila hatua inaharibu zaidi.

Tao la mguu mmoja limeanza kushuka ukubwani. Ni umri tu?

Usilichukulie hivyo. Kano inayopita nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo ndiyo inayoshikilia tao, na inapochakaa tao huporomoka. Dalili ni maumivu na uvimbe mahali hapo, kisigino kupindukia nje, na kushindwa kuinua kisigino kwa mguu mmoja. Ikigunduliwa mapema, kishikizo na mazoezi ya kupimwa husaidia. Ikichelewa, unyayo hukakamaa katika umbo hilo na upasuaji huingia kwenye mazungumzo.

Nimevuka miaka 70 na ninaogopa kuanguka.

Simama kwenye pembe ya kuta mbili, kiti kikiwa mbele yako, ili usiwe na pa kuangukia. Anza kwa kuweka unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mguu mmoja utafuata baadaye. Hofu yenyewe humfanya mtu atembee kidogo, na kutembea kidogo kunazidisha udhaifu, hivyo hatua ndogo ya kila siku ina maana kubwa.

Nyayo zangu zimekuwa kubwa baada ya kujifungua. Zitarudi?

Huenda zisirudi. Ujauzito, hasa wa kwanza, hushusha tao kwa baadhi ya wanawake na kuongeza urefu wa unyayo kwa milimita kadhaa. Nunua viatu vya saizi mpya na ufanye mazoezi ya kawaida.

Dawa zinaweza kudhuru kano?

Ndiyo. Antibiotiki za kundi la siprofloksasini na levofloksasini huongeza hatari ya kano kuvimba au kukatika, hasa kano ya kisigino, na zaidi kwa wenye miaka zaidi ya 60 au wanaotumia steroidi. Ukianza kuhisi maumivu hapo ukiwa kwenye dawa hizo, simamisha mazoezi ya mzigo na umpigie aliyekuandikia siku hiyohiyo.

Ni dalili zipi zinataka daktari kwanza, mazoezi baadaye?

Maumivu ya sehemu moja ndogo juu ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila unapotembea na kuendelea hata usiku. Ganzi inayopanda. Uvimbe wa kigimbi kimoja wenye joto, kwa sababu unaweza kuwa damu iliyoganda. Homa pamoja na kiungo chekundu. Na mlio wa ghafla nyuma ya kisigino, kana kwamba umepigwa teke, kisha kushindwa kujisukuma. Lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi: unyayo usipojongea, huenda kano imekatika, na matibabu yanayoanza siku za mwanzo hufanya kazi vizuri kuliko yanayosubiri wiki.